Kupima Uwezo wa Kaya Zenye Kipato Kidogo Kumudu Huduma ya Maji

Somo kwa wajumbe wa vyombo vya maji, viongozi wa vijiji na vitongoji, na wananchi wa wilaya za Tarime na Serengeti

Utangulizi

Kijiji kinapokutana kupanga bei ya maji, swali la kwanza huwa hili: tunahitaji fedha kiasi gani ili pampu iendelee kufanya kazi? Swali hilo ni la haki, na hakuna mradi uliodumu bila kulijibu. Lakini lipo swali la pili ambalo mara nyingi hupita kimya: bei hiyo ikishapitishwa, ni kaya zipi zitakazoacha kuchota?

Wenye kaya hizo kwa kawaida hawasimami mkutanoni kusema. Umaskini ni jambo la siri, na mtu mzima haoni fahari kutamka mbele ya jirani zake kwamba shilingi 50 ya ndoo inamshinda. Huondoka kimya, akarudi kwenye kijito, kwenye kisima kisichofunikwa au ukingoni mwa Mto Mara, na daftari la chombo cha maji halimwandiki popote. Kwa hiyo hatuwezi kusubiri malalamiko ndipo tujue. Inatupasa kupima, na somo hili linaeleza namna ya kufanya hivyo kwa hesabu zisizozidi kujumlisha, kuzidisha na kugawanya.

1. Tulikotoka

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwapatia wananchi wote wa vijijini maji ndani ya mwendo wa mita 400 kutoka nyumbani ifikapo mwaka 1991. Gharama zilibebwa na Serikali, na mwananchi alichota bila kulipa. Nia ilikuwa njema, lakini fedha za mafuta, vipuri na mafundi hazikutosha, na miradi mingi ikasimama kabla ya lengo kufikiwa.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilichukua njia nyingine. Ilitaka jamii za vijijini zimiliki miradi yao na kubeba gharama za uendeshaji na matengenezo. Sera hiyo hiyo ilitamka kiwango cha huduma: lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, ndani ya mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea maji kisihudumie zaidi ya watu 250. Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, iliyounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na kuweka msingi wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi wetu tumezoea kuviita CBWSO.

Kwa upande wa dunia, tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na salama kuwa haki ya binadamu. Lengo la sita la Malengo ya Maendeleo Endelevu linataka kila mtu apate maji salama, kwa gharama anayoimudu, ifikapo mwaka 2030.

Hivyo tunabeba majukumu mawili kwa wakati mmoja: mradi ujilipie usife, na mnyonge asifungiwe nje ya bomba. Anayetazama la kwanza peke yake atapata pampu nzima inayohudumia nusu ya kijiji, na anayetazama la pili peke yake atarudi kwenye pampu mbovu za zamani. Kipimo sahihi ndicho kinachotuwezesha kuyatimiza yote mawili.

2. Tuanze na lita, kisha twende kwenye shilingi

Kosa la kawaida ni kupima kile ambacho kaya inalipa sasa. Tuonyeshe kwa mfano. Katika somo hili lote tutatumia kaya ya watu sita na ndoo ya lita 20. Bei zinazotajwa ni za mfano tu. Kila kijiji kiweke bei yake.

Kaya ya watu sita inahitaji lita 25 mara 6, yaani lita 150 kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 4,500, sawa na ndoo 225. Bei ikiwa shilingi 50 kwa ndoo, gharama ya mwezi ni shilingi 11,250.

Sasa tuchukue kaya maskini yenye watu sita ambayo hununua ndoo mbili tu kwa siku. Kwa mwezi inalipa shilingi 3,000. Ikiwa matumizi yake yote ya mwezi ni shilingi 160,000, maji yanachukua chini ya asilimia 2. Mtu akitazama karatasi atasema kaya hii haina shida yoyote. Ukweli ni kwamba kila mtu ndani yake anapata chini ya lita 7 kwa siku, kiasi kisichotosha kunywa, kupika, kuoga na kufua, na kinachopungua kinajazwa na maji ya kijito.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: tupime gharama ya maji ambayo kaya inayahitaji, wala si gharama ya maji ambayo imemudu kuyanunua. Bili ndogo inaweza kuwa dalili ya nafuu, na inaweza pia kuwa dalili ya kiu.

3. Kipimo cha kwanza: asilimia ya matumizi

Kipimo kinachotumika zaidi duniani ni kugawanya gharama ya maji kwa kipato au matumizi ya kaya, kisha kuzidisha kwa 100. Mashirika ya kimataifa hutumia ukomo ulio kati ya asilimia 3 na 5. Kaya inayolazimika kuvuka ukomo huo huhesabiwa kuwa inaelemewa.

Faida ya kipimo hiki ni wepesi wake. Hatari yake ni wastani. Tazama kaya tano za mfano katika kitongoji kimoja, zote za watu sita, na gharama ya maji ikiwa shilingi 11,250:

Kaya ya kwanza hutumia shilingi 600,000 kwa mwezi. Maji ni asilimia 1.9.
Kaya ya pili hutumia shilingi 400,000. Maji ni asilimia 2.8.
Kaya ya tatu hutumia shilingi 300,000. Maji ni asilimia 3.8.
Kaya ya nne hutumia shilingi 200,000. Maji ni asilimia 5.6.
Kaya ya tano hutumia shilingi 100,000. Maji ni asilimia 11.3.

Wastani wa matumizi ya kaya hizi ni shilingi 320,000, na kwa wastani huo maji ni asilimia 3.5. Mtoa taarifa ataandika kwamba kitongoji kinaimudu bei, ilhali kaya mbili kati ya tano zinaelemewa na moja imezama kabisa.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu. Nyamongo, kijana mwenye ajira mgodini anaweza kuwa jirani wa mama anayeishi kwa muhogo wa shambani kwake. Sirari, mfanyabiashara wa mpakani huchota bomba moja na mchukuzi wa mizigo. Robanda, familia yenye mtu anayefanya kazi katika kambi ya watalii hupakana na familia ya mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame. Mahali kama hapo wastani hauelezi maisha ya mtu yeyote.

Mjadala huo huo umefanyika katika nchi tajiri. Nchini Marekani, kwa miaka mingi uwezo wa kumudu maji ulipimwa kwa kutazama kipato cha kaya iliyo katikati ya orodha. Mtafiti Manuel Teodoro, katika makala aliyoichapisha mwaka 2018, alionyesha kwamba njia hiyo inawaficha maskini, akapendekeza tuitazame kaya iliyo mwanzoni mwa orodha, pale ambapo asilimia 20 ya chini inaishia. Kwa lugha ya kijijini: zipange kaya kuanzia yenye uwezo mdogo kabisa hadi yenye uwezo mkubwa. Katika kila kaya 100, nenda ya 20 kutoka chini. Bei ikipimwa, ipimwe kwa kaya hiyo.

4. Kipimo cha pili: kinachobaki baada ya chakula

Asilimia ina udhaifu mwingine. Asilimia 5 ya tajiri hutoka kwenye ziada yake, na asilimia 5 ya maskini hutoka kwenye unga. Kwa sababu hiyo kipimo cha pili huanza kwa kutoa gharama ya chakula, kisha huuliza: je, kilichobaki kinabeba maji?

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18, uliofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na mstari wa umaskini wa chakula kuwa shilingi 33,748. Kwa vipimo hivyo, asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara walikuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi. Vijijini ilikuwa asilimia 31.3. Bei zimepanda tangu wakati huo, lakini takwimu hizi zinafaa kwa kujifunzia njia.

Watoto hula kidogo kuliko wakubwa, hivyo tuchukulie kwamba kaya yetu ya watu sita, wakubwa wawili na watoto wanne, ni sawa na watu wazima 4.5. Mstari wa mahitaji ya msingi kwa kaya hiyo ni shilingi 221,940, na wa chakula ni shilingi 151,866. Kaya iliyo juu ya mstari kabisa ina shilingi 70,074 za mambo yote yasiyo chakula: mavazi, sabuni, daftari za shule, matibabu, nauli, taa na maji. Shilingi 11,250 za maji ni asilimia 5.1 ya matumizi yake yote, lakini ni asilimia 16 ya hicho kilichobaki.

Irudie sasa ile kaya yenye shilingi 160,000. Ikila chakula cha kutosha, inabaki na shilingi 8,134. Maji yanahitaji shilingi 11,250. Hata kama isingenunua sabuni wala daftari, bado ingepungukiwa shilingi 3,116. Kipimo cha kwanza kingesema maji ni asilimia 7 ya matumizi yake, tatizo la wastani. Kipimo cha pili kinasema jambo zito zaidi: kaya hii haiwezi kula na kuchota kwa pamoja. Ikichota, itapunguza mlo. Ikila, itarudi kijitoni.

Hapa mkulima atauliza swali la maana: chakula chetu hatukinunui, tunakilima, je, hesabu hii inatufaa? Inafaa, tena inazidi kuwa kali. Matumizi yanayoandikwa katika utafiti huhesabu pia thamani ya mazao ambayo kaya hula kutoka shambani. Lakini mahindi yaliyo ghalani hayalipi ndoo bombani. Ndoo hulipwa kwa fedha taslimu. Kaya yenye matumizi ya shilingi 221,940, ambayo kati yake shilingi 140,000 ni thamani ya mazao yake yenyewe, ina fedha taslimu shilingi 81,940 tu kwa mwezi. Maji peke yake ni asilimia 13.7 ya fedha hizo.

Kamati inayopima kijijini haihitaji kusubiri takwimu za taifa. Iorodheshe chakula cha kawaida cha kaya ya watu sita kwa mwezi, iandike kipi kinalimwa na kipi kinanunuliwa, iweke bei za gulio la karibu, kisha iulize fedha taslimu inayoingia. Jioni moja inatosha kwa kaya kumi.

5. Kipimo cha tatu: siku za kibarua na hatua za miguu

Watu wengi hawajui kipato chao cha mwezi, nao hawadanganyi wanaposema hivyo. Fedha huingia leo, ikakosekana wiki mbili. Lakini kila mtu anajua kibarua cha siku kinalipa kiasi gani. Kwa hiyo tunaweza kuuliza: maji ya mwezi ni sawa na siku ngapi za kazi?

Kibarua cha kupalilia kikilipa shilingi 5,000 kwa siku, shilingi 11,250 ni zaidi ya siku mbili za jembe. Anayepata kibarua siku 25 kwa mwezi hatalalamika. Anayepata siku 10 ataacha karibu robo ya jasho lake bombani. Njia hii nayo inafanana na mapendekezo ya Teodoro, aliyepima bili za maji kwa saa za kazi za mtu anayelipwa kima cha chini cha mshahara.

Upo pia mzigo usiolipwa kwa fedha. Lita 150 ni ndoo saba na nusu, yaani safari nane za mtu anayebeba ndoo moja kichwani. Bomba likiwa mita 400 kutoka nyumbani, umbali unaokubalika kisera, safari moja ya kwenda na kurudi ni mita 800, na safari nane ni kilomita 6.4 kila siku, bila kuhesabu foleni. Bomba likiwa kilomita moja na nusu, ni kilomita 24. Hakuna anayetembea hivyo. Watu hupunguza maji, au humtuma mtoto wa kike aliyepaswa kuwa darasani.

Wenye punda hubebesha madumu manne kwa safari moja, na wenye fedha humlipa kijana wa bodaboda awaletee. Kaya isiyo na punda wala fedha hulipa kwa shingo. Kwa hiyo kaya mbili zinazonunua kwa bei ile ile hazilipi gharama ile ile. Mpimaji aandike bei ya ndoo inapofika mlangoni, na dakika za kuifuata, pamoja na bei ya bombani. Vipimo vya kimataifa huichukulia huduma kuwa ya msingi pale tu kwenda, kupanga foleni na kurudi kusipozidi dakika 30.

Vivyo hivyo, maji ya mtoni si ya bure kama yanavyodhaniwa. Gharama yake huja baadaye, kwa kuhara, homa ya matumbo au kichocho, na kwa siku ambazo mgonjwa na anayemuuguza hawaendi shambani.

6. Kaya ni nani, na mkoba ni wa nani?

Mpimaji akifika katika mji wa Kikurya wenye wake watatu, asiandike kaya moja. Kitakwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Kila mke mwenye chungu chake, shamba lake na watoto wake huwa pia na ndoo zake, na mara nyingi ndiye anayezilipia. Nyumba tatu zikiandikwa kuwa moja, kipato cha mwenye mji kitaonekana kuzifunika zote, ilhali nyumba mojawapo haina hata fedha ya ndoo mbili. Ziandikwe kaya zenye kuongozwa na wanawake pia, wakiwemo wajane na nyumba zilizoundwa kwa desturi ya nyumba ntobhu.

Ng'ombe nao huleta utata. Mtu mwenye ng'ombe ishirini si maskini kwa mali, lakini hawezi kuuza kwato ili anunue ndoo. Ng'ombe huuzwa kwa jambo kubwa: mahari, ada ya shule, matibabu. Ndoo hulipwa kwa fedha ndogo za mboga, za ulezi, za ndizi, na fedha hizo huwa mkononi mwa mama. Kwa sababu hiyo swali la kumudu aulizwe yule anayelipa bombani, kuhusu mkoba anaolipa kutoka humo. Ikumbukwe vilevile kwamba lita 25 ni za binadamu. Maji ya mifugo yapangiwe bei na sehemu yake, kwenye malambo na mabirika, yasije yakaingia katika hesabu ya nyumbani.

7. Tupime lini?

Kipimo cha mwaka mmoja uliogawanywa kwa kumi na mbili huficha miezi migumu. Wakati wa masika, kaya yenye bati hukinga maji ya mvua na kununua ndoo chache. Kiangazi vijito hukauka, mahitaji ya bomba huongezeka, foleni huwa ndefu, na katika vijiji vya uwanda wa Serengeti hali huwa ngumu kuliko katika milima ya Tarime yenye kahawa na ndizi. Januari kuna mahitaji ya shule. Kabla ya mavuno, ghala huwa tupu na unga hununuliwa.

Basi kamati ipime mara mbili: mara moja baada ya mavuno na mara moja katika mwezi mgumu kuliko yote. Bei inayovumilika Agosti na isiyovumilika mwezi wa njaa haiwezi kuitwa bei inayomudika, kwa kuwa kiu haina likizo.

8. Kutoka kwenye kipimo hadi kwenye bei

Wapo wanaohofu kwamba kupima umaskini ni mlango wa kugawa maji bure na kuua mradi. Hesabu inaonyesha vinginevyo. Chukua mradi wa pampu ya umeme wa jua wenye kaya 100 za watu sita, na gharama za shilingi 600,000 kwa mwezi: mlinzi, fundi, vipuri, akiba ya matengenezo. Gharama hizo hazibadiliki sana maji yakichotwa mengi au machache.

Bei ikiwa shilingi 30 kwa ndoo na kaya zote zikichota ndoo 225, mapato ni shilingi 675,000. Mradi unajilipia na kubaki na akiba. Lakini kaya 20 za chini zikishindwa na kuondoka, mapato huanguka hadi shilingi 540,000, na chombo kinapungukiwa shilingi 60,000. Kamati ikipandisha bei hadi shilingi 34 ili kuziba pengo, kaya zilizokuwa ukingoni nazo huanza kuondoka, na pengo hurudi.

Sasa kamati ifanye jambo jingine: kaya hizo 20 zilipe nusu, shilingi 15 kwa ndoo. Kaya 80 zinaleta shilingi 540,000, na kaya 20 zinaleta shilingi 67,500. Jumla ni shilingi 607,500, na gharama zimelipwa. Hata kama kaya 20 zitachota nusu tu ya mahitaji yao, bei ya kawaida ikiwa shilingi 32 na ya nafuu shilingi 16, mapato ni shilingi 612,000. Shilingi mbili za jirani zimembakiza mwenzake bombani, na mradi umesimama. Nafuu iliyolengwa vizuri ni sehemu ya mapato ya mradi.

Walengwa wapatikane kwa njia ya wazi. Orodha ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ambayo hupitishwa katika mikutano ya kijiji, ni mahali pazuri pa kuanzia, ila isiwe mwisho. Wapo walioachwa, na wapo waliougua au kufiwa baada ya orodha kufungwa. Utekelezaji uwe wa staha: kadi au daftari linalofanana na la wengine, ili mtu asitangazwe umaskini wake mbele ya foleni.

9. Gharama ya mlangoni, na ukimya wa dira

Kuna kaya zinazoimudu bei ya kila mwezi lakini hazikuwahi kuvuka gharama ya kuunganishwa. Kwenye umeme tumeliona hili vizuri. Ada ya kuunganishwa vijijini iliposhushwa hadi shilingi 27,000, wengi waliokuwa chini ya nguzo waliwasha taa. Na mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi akawekewa bei ya shilingi 100 kwa uniti. Hayo ni mambo mawili tofauti, ada ya kuingia na bei ya kutumia, na katika maji nayo yapimwe kila moja peke yake. Asiyeunganishwa hununua kwa jirani, mara nyingi kwa bei ya juu kuliko ya mwenye bomba.

Dira za malipo ya kabla nazo zinahitaji macho. Zinaondoa madeni na ugomvi wa bili, na hilo ni jema. Lakini zinaondoa pia taarifa. Zamani mtu alipokatiwa maji, ofisi ilijua. Sasa asiye na fedha hujikatia mwenyewe, wala hakuna anayejua. Uingereza ilikataza kwa sheria ya mwaka 1999 kumkatia maji mteja wa nyumbani kwa sababu ya deni. Afrika Kusini ilianzisha miaka ya 2000 sera ya lita 6,000 za bure kwa kaya kwa mwezi. Si lazima tuige hatua hizo, lakini jambo moja liko ndani ya uwezo wetu: kila mwezi chombo kiorodheshe kadi ambazo hazikutumika kwa siku saba mfululizo, na mjumbe apite nyumbani kuuliza kwa upole.

10. Zoezi kwa kamati

Wajumbe wachague kaya kumi, tano kati yake ziwe za uwezo mdogo, wakaulize kwa faragha na wajibu maswali haya:

Kwanza, wanaolala na kula hapa ni wangapi, na lita 25 kwa kila mmoja ni ndoo ngapi kwa mwezi?
Pili, ndoo hizo kwa bei yetu ni shilingi ngapi, zikiwa zimefika mlangoni?
Tatu, kaya inachota ndoo ngapi hasa, na kinachopungua kinatoka wapi?
Nne, fedha taslimu ya mwezi ni kiasi gani, na baada ya chakula cha kununua inabaki ngapi?
Tano, maji ya mwezi ni siku ngapi za kibarua, na dakika ngapi za kutembea kwa siku?
Sita, katika mwezi mgumu, ni kitu gani kiliachwa ili maji yanunuliwe, au maji yaliachwa kwa ajili ya nini?

Swali la sita lisirukwe. Kaya inayolipa bila kuchelewa inaweza kuwa imelipa kwa mlo wa jioni wa watoto.

Majibu yakusanywe bila majina, yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya bei kujadiliwa, na nakala ipelekwe ofisi ya RUWASA ya wilaya. Kwa wakazi wa mijini, ambako bei za mamlaka za maji husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), mikutano ya taftishi ndiyo mahali pa kuwasilisha takwimu za namna hii. Mwananchi anayesema maji ni ghali husikilizwa. Anayeonyesha kwamba kaya ya ishirini kutoka chini hubaki na shilingi 8,134 baada ya chakula, na maji yanataka shilingi 11,250, huwa ameweka mezani jambo ambalo mpanga bei hana budi kulijibu.